Ilima yangu inanyauka huku imesimama kwenye maji: msaada kwa mlioko Hawaii

MamaNeema_Ewa

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Najua humu ndani mazungumzo mengi ni sukuma wiki, bamia na nyanya za kwenye ndoo. Mimi leo nimekuja na ua, tena la ugenini, kwa hiyo nawaomba hasa mlioko Hawaii au mliowahi kulima huko.

Naishi Oahu, upande wa Ewa Beach. Anayepafahamu anajua hali yake: jua tangu asubuhi, upepo wa chumvi mchana kutwa, na mvua unaiona tu inanyesha milimani kwa wenzako. Mbele ya nyumba tuliyopanga kuna kipande cha ardhi kama mita tatu kwa mbili, kati ya ukuta na njia ya waenda kwa miguu. Nyasi zilishakufa humo kabla hatujahamia. Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kihawaii ambaye mtaa mzima tunamwita Auntie, aliniona napiga jembe pale, akaniletea miche sita ya ilima, ile ya kutambaa wanayoiita ilima papa. Akaniambia ni mmea wa kwao, ulikuwepo kabla ya mashamba ya miwa na kabla ya nyumba hizi, na kwamba hautaki kubembelezwa.

Mwanzoni kweli haukutaka. Ulitambaa, ukafunga, maua ya manjano yanayoelekea rangi ya chungwa yakawa yanafunguka kila asubuhi na jioni yamesinyaa. Majani ni ya kijivujivu, laini ukiyagusa, yana umbo la moyo. Nilipoyaona nikasema huyu ni ndugu wa mfagio, lile gugu la kwetu Tanga tunalofungia mafagio ya uani.

Sasa mambo yameharibika, na si namna moja. Mitatu iliyo karibu na ukuta inageuka njano kuanzia majani ya chini, yanadondoka, na shina pale linapoingia ardhini limekuwa jeusi. Mmoja niliugusa tu ukang'oka wote. Mitatu ya upande wa njia ina nguvu, ila majani yana matundu kama wavu wa dagaa, na katikati matawi yamebaki uchi, majani yako nchani tu.

Udongo juu ni mwekundu, unanata ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukichimba kidogo unakuta jiwe jeupe la matumbawe. Maji yapo mengi: mabomba ya kunyunyizia ni ya jumuiya ya wenye nyumba, yanafunguka yenyewe kila alfajiri kwa ajili ya nyasi za mtaa mzima, na mojawapo linapiga moja kwa moja kwenye kipande changu.

Ningemuuliza Auntie mwenyewe, lakini amekwenda Las Vegas kwa binti yake, na simu hapokei. Nataka akirudi akute mimea yake hai. Nimeshanunua mfuko wa samadi ya ng'ombe, niweke? Nipogoe? Nichukue mbegu au vipandikizi? Na jambo la mwisho, msinicheke: binti yangu anamaliza shule ya sekondari mwezi wa tano, na huku mhitimu huvishwa mataji ya maua shingoni hadi masikio hayaonekani. Nilitaka nimtungie moja la ilima za mlangoni kwetu. Inawezekana?

---

FundiNyasi_Dallas

Dada pole. Mimi natunza bustani za watu huku Texas. Majani ya njano ni njaa. Tia samadi yote hiyo, ongeza mbolea ya naitrojeni, na jua kama hilo lenu lahitaji maji asubuhi na jioni. Wiki mbili utaniambia.

---

BahariaWaWaimanalo

Marahaba mwanangu. Huyo wa Dallas simtukani, nyasi zake anazijua, ila ukifuata dawa yake kufikia Jumapili ijayo utakuwa na miche sita iliyokufa badala ya mitatu.

Mimi ni mtu wa Unguja, niliacha meli zamani nikaozea hapa Oahu, na kazi iliyonilisha tangu hapo ni vitalu vya mimea, huku upande wa Waimanalo. Ilima nimezipanda kwa maelfu, nyingine kwa watu binafsi, nyingine kwa miradi ya kurudisha mimea ya asili. Basi nisikilize kwa utaratibu, maana una maradhi mawili tofauti na wewe umeyaweka kwenye kapu moja.

La kwanza ni la ukutani. Majani ya chini kuwa njano, shina kuwa jeusi usawa wa ardhi, mche kung'oka kwa kuguswa: hiyo ni mizizi iliyooza. Mzizi uliooza haunywi, ndiyo maana mmea unanyauka na huku umesimama kwenye maji. Mtu akiona umenyauka anaongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza.

Ukitaka kujua ilima papa inataka nini, siku moja nenda Kaena Point, ncha ya magharibi kabisa ya kisiwa. Gari linaishia njiani, unakwenda kwa miguu. Kule utaikuta imelala juu ya mchanga na mawe, inapigwa na chumvi ya bahari, hakuna anayeinyunyizia, na inachanua. Wenzake pale ni naupaka na ohai, ile yenye maua mekundu ambayo siku hizi iko hatarini kutoweka. Mwaka 2011 walimaliza kujenga uzio wa kuzuia panya, paka na mbwa, kwa sababu ndege wakubwa wa baharini wanataga chini. Angalia kwa macho tu, usichume hata jani, ni hifadhi. Lakini ukipaona utaelewa. Ule mmea umezoea maji yanayopita, si maji yanayokaa.

Sasa Ewa. Mvua ya Ewa haifiki milimita 600 kwa mwaka, kwa hiyo mmea wenyewe ungekuwa kwao kabisa. Tatizo ni mjenzi. Chini mna matumbawe, juu wamemwaga udongo mwekundu wa mfinyanzi ili nyasi zishike. Wewe ukachimba shimo kwenye huo mfinyanzi hadi kwenye jiwe, ukatengeneza bakuli. Kila alfajiri bomba linajaza bakuli. Upande wa ukuta ndiko kivuli kilipo na pengine ndiko ardhi inakoinamia, kwa hiyo haukauki kamwe. Upande wa njia kuna jua na upepo, unakauka kidogo, ndiyo maana ule bado unapumua.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Chimba shimo karibu na ukuta, kina cha dhiraa moja au hadi jiwe likuzuie. Lijaze maji, liache lishuke, lijaze tena. Mara ya pili ndiyo ya kuangalia. Likiisha ndani ya saa chache, mimi mwongo. Likilala na maji hadi kesho, umepata jibu.

Hayo matundu ni jambo jingine kabisa. Subiri jua lizame, kama nusu saa baada ya giza kuingia, toka na tochi. Utakuta kombamwiko mdogo, si kombamwiko hasa, ni mdudu mwenye gamba la kahawia, urefu unazidi kidogo sentimita moja, amekaa juu ya jani anatafuna katikati ya mishipa. Wenyewe wanamwita mdudu wa waridi wa Kichina. Mchana amejichimbia ardhini, humwoni. Anakula mimea mamia, waridi, maharage, zabibu, na ilima kwake ni halua. Sumu usihangaike nayo. Hapendi mwanga: weka taa ndogo ya sola ielekee kwenye mmea, iwake jua linapozama, maana saa ile ya mwanzo ndiyo yake ya kuruka na kutafuta chakula. Wengine waokote kwa mkono uwatie kwenye maji ya sabuni. Mmea mkubwa na wenye afya unavumilia matundu. Anayekufa kwa mdudu huyu ni mche mchanga.

Samadi irudishe dukani. Mmea huu ukilishwa sana unatoa majani manene ya kijani, unarefuka, unalegea, halafu vidukari na vidung'ata wanahamia kwa furaha, na sisimizi nyuma yao wakichunga mifugo yao. Mbolea ya kuyeyuka polepole, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, siku ya kupanda, basi. Ungeniambia ni majani machanga ya juu ndiyo ya njano na mishipa imebaki kijani, hapo ningesema ni chuma, kwa sababu matumbawe ni chokaa na chokaa huufungia mmea chuma. Lakini yako ni ya chini, na shina limekuwa jeusi. Si njaa hiyo.

Jaribu shimo, toka na tochi, halafu rudi hapa tuzungumze vipandikizi.

---

MhayaWaHilo

Nimefurahi kuona kuna Waswahili wengine visiwani. Mimi niko kisiwa kikubwa, Hilo, na nyinyi wa Ewa mnaolia maji mengi mnanichekesha. Hilo inapata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Hata hivyo ninayo ilima. Siri ni kwamba sikuipanda ardhini kabisa. Nilirundika mawe ya volkano na changarawe zake hadi usawa wa goti, juu kidogo tu ya mboji, upande wa kusini wa nyumba usio na mti. Mvua inanyesha usiku kucha na asubuhi juu ni pakavu. Kwa hiyo ninakubaliana na Baharia: tatizo si mvua ngapi, ni maji yanakwenda wapi.

Ninapotofautiana naye (bado hajasema lakini naona anakoelekea) ni kwenye vipandikizi. Mimi ni mtu wa mbegu. Ua likisinyaa linaacha kifuko kidogo cha mbegu, kikikauka kinakuwa cha kahawia na kupasuka vipande vipande, kila kipande na mbegu yake. Mbegu ina ganda gumu, ukiifukia hivihivi itakaa miezi. Mimi nazisugua taratibu kwenye msasa hadi ganda lipate mkwaruzo, nazilaza kwenye maji ya moto ya bomba usiku mmoja, asubuhi nazipanda juujuu kwenye changarawe laini. Kila mche unakuwa na sura yake. Mmoja maua ya manjano, mwingine unakaribia wekundu wa kutu. Hiyo ndiyo raha.

Na onyo moja, Mama Neema. Usije ukachukua mche kutoka kisiwa hiki, au hata kwa mtu asiyejulikana hapo Oahu, bila kukagua chungu. Kuna sisimizi mdogo wa rangi ya chungwa, mfupi kuliko milimita mbili, aligunduliwa huku Puna mwaka 1999 na anasafiri kwenye vyungu vya maua. Anauma vibaya, na akiingia uani mtoto hachezi tena nje. Paka siagi ya karanga kidogo kwenye ncha ya kijiti, chomeka kwenye chungu, kaa saa moja, angalia nani amekuja kula. Mimi naishi naye, simtakii mtu.

---

MamaNeema_Ewa

Nimerudi, asanteni sana.

Shimo: nilijaza saa kumi jioni. Asubuhi nilipokwenda kazini maji yalikuwa bado yamo, na mbu wawili juu yake. Baharia, husemi uongo.

Tochi: mume wangu ndiye aliyetoka, mimi nilisimama mlangoni. Wamejaa! Wamekaa wawiliwawili, hawana haya. Tumewatia kwenye sabuni na taa ya sola tumechomeka jana.

Nimeandika barua kwa jumuiya kwamba naomba bomba lile moja lizibwe kwa sababu nimepanda mmea wa asili usiohitaji maji ya kila siku. Wamejibu watalijadili kwenye kikao. Kikao chenyewe ni mwezi ujao. Mpaka hapo mitatu hii nayo itakuwa imekwenda. Nifanye nini sasa hivi? Na nimeona pembeni ya ilima kuna mimea inafanana nayo imejiotea. Ni watoto wake?

---

BahariaWaWaimanalo

Kikao mwezi ujao, mmea unakufa leo. Juu ya kichwa cha bomba la namna hiyo mara nyingi kuna skrubu ndogo ya kupunguza urefu wa kunyunyiza. Waombe ruhusa ya hilo tu, si kuziba, kupunguza. Ni kazi ya bisibisi na dakika moja, na mtu wao wa bustani anaweza kufanya bila kikao. Wakikataa, funika kwa ndoo iliyopinduliwa kila usiku, uitoe asubuhi. Na uwaambie kwamba idara yenyewe ya maji ya Honolulu ina bustani pale Halawa iliyopandwa makusudi kuonyesha mimea isiyotaka maji mengi. Huwa wanauza miche pia. Nenda uipige picha uipeleke kikaoni. Watu wa vikao wanapenda picha.

Mitatu ya ukutani, achana nayo kama miche. Lakini kama mmoja wao bado una ncha za kijani zilizosimama, kata leo kabla haujazimika. Hapo ndipo tunaingia kwenye vipandikizi, na Mhaya wangu nimemsoma. Mbegu ni nzuri, na kwa wanaorudisha mimea kwenye mwitu ni lazima, maana wanataka kila mche uwe na damu yake. Lakini huyu mama anataka zulia la kufunika mita tatu kwa mbili, na anataka mimea ya Auntie mwenyewe. Ilima inayosimama wima ipo kwenye yadi za jirani, nyuki hawaulizi ni ipi. Ukipanda mbegu unaweza kupata mtoto anayelala au anayesimama hadi kiunoni. Kipandikizi ni mmea uleule wa Auntie, haubadiliki.

Fanya hivi. Asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, kata ncha zisizo laini sana wala ngumu sana, urefu wa kidole cha kati au kuzidi kidogo. Ondoa majani ya nusu ya chini, ondoa maua na vitumba vyote hata kama roho inauma, maana kipandikizi chenye ua kinatumia nguvu yake kuchanua badala ya kutoa mizizi. Chovya kwenye unga wa homoni ya mizizi, kung'uta uliozidi. Chomeka kwenye pelaiti, zile chembe nyeupe nyepesi za kuoteshea, au changarawe laini, si kwenye udongo wa uani. Kivuli chepesi, unyevu wa kunyunyizia, si wa kumwagia. Baada ya wiki chache vuta kidogo. Kikikataa kutoka, kimeshika. Hamishia kwenye kopo, ukae hapo hadi mizizi ishikilie udongo wote ukiupindua. Usiwe na haraka ya kupanda, mizizi ya ilima haipendi kusumbuliwa, ukiipasua ule mpira wa udongo inanuna. Chukua vipandikizi mara mbili ya unavyohitaji, vingine vitakufa, havina sababu, vinakufa tu.

Wakati vinakua, tengeneza kitanda. Usichimbe chini zaidi, inua juu. Tuta la sentimita ishirini au ishirini na tano, mchanga mkubwa na changarawe nyepesi nyeusi za volkano zinazouzwa kwenye mifuko, mboji kidogo mno. Kabla ya kumwaga, piga mfinyanzi wa chini kwa sururu uupasuepasue ili maji yasitengeneze sakafu. Lifanye liinamie njiani, si ukutani. Panda miche kwa nafasi ya sentimita sitini hadi tisini. Utaona ni mbali, utatamani kuibananisha. Usibananishe. Wiki za mwanzo maji siku moja baada ya nyingine, halafu unapunguza hadi mara moja kwa wiki, na ikishakomaa hapo Ewa hata hiyo mara moja ni ya kiangazi kikali tu.

Matandazo tandaza membamba na yasiguse shina. Na ukinunua matandazo au mboji yakague. Oahu tangu 2013 kuna mdudu mwenye pembe anayeua minazi, ndugu wa chonga wa kwetu, na mabuu wake wanene weupe wanalelewa kwenye marundo ya mboji na vipande vya miti. Usiache rundo nyuma ya nyumba. Tandaza lote siku hiyohiyo.

Hiyo mimea inayofanana: tazama jani. Ilima ina jani la kijivu, pana, la umbo la moyo, lenye manyoya laini. Kama jani ni jembamba, limechongoka, la kijani kibichi lisilo na manyoya, huyo ndiye mfagio wako wa Tanga, amekutangulia kufika. Yupo kisiwa kizima. Ng'oa kabla hajatoa mbegu.

Kupogoa. Mitatu yenye nguvu imekuwa uchi katikati kwa sababu haikubanwa ncha. Ncha ikikatwa kwa ukucha inatoa matawi mawili. Fanya hivyo mara kwa mara tangu mche mdogo. Kwa mkubwa kama wako, punguza theluthi moja ya urefu, ukate pale palipo na majani chini ya mkato. Usikate hadi kwenye mti mtupu, hautachipua. Na ujue mmea huu si mwembe. Miaka michache unachoka, katikati unakauka, ndio umri wake. Mwenye akili kila mwaka ana vikopo vya vipandikizi pembeni.

---

MhayaWaHilo

Nimekubali kwa zulia. Kwenye mawe yangu nitaendelea na msasa.

Mama Neema, Baharia hajakujibu la taji la shingoni, nadhani anakuonea huruma. Uzi mmoja wa ilima unakula maua kuanzia mia tano, na yakiwa madogo unakaribia elfu. Kila ua ni bapa na jembamba kama karatasi, sindano inapita katikati yake, unayapanga yakigusana. Na kila ua linaishi siku moja tu. Sasa piga hesabu ya mitatu yako.

---

BahariaWaWaimanalo

Sikuwa namwonea huruma, nilikuwa nimechoka kuandika.

Ni kweli asemavyo. Ndiyo maana taji la ilima lilihesabiwa kuwa la machifu, na ndiyo maana watu wa zamani waliipanda makusudi karibu na nyumba zao, jambo ambalo hawakufanya kwa maua mengi. Kisiwa chetu kilichaguliwa ua hili mwaka 1923, kila kisiwa kikapewa lake. Mwezi wa sita kwenye maandamano ya siku ya Kamehameha, mfalme aliyeunganisha visiwa hivi, utawaona wanawake wapanda farasi wanaowakilisha Oahu wamevaa rangi hiyohiyo. Lakini waliokuwa wakitunga walitumia ilima inayosimama, yenye maua makubwa, vichaka vingi. Ya kutambaa ni ya kufunika ardhi.

Kwa mwezi wa tano usijitese. Tunga taji la maua mengine, plumeria zipo kila uani hapo Ewa, na katikati weka kipande cha ilima upana wa kiganja. Yachume alfajiri yakiwa yanaanza kufunguka, au chuma vitumba vilivyokomaa jioni, viache ndani vifunguke vyenyewe. Yaweke mahali pa baridi hadi saa ya kutunga. Mvishe asubuhi, piga picha mapema. Saa kumi jioni yatakuwa yamekunjamana na hakuna wa kulaumiwa.

Ukitaka taji zima kwa ajili ya mdogo wake, panda leo vichaka vya wima kando ya ukuta wa nyuma.

---

Mkilifi

Samahani kuingilia. Niko Kilifi, nina kiwanja cha mchanga mbele ya bahari, kila ninachopanda chumvi inakiunguza. Mmea huu unanifaa kabisa. Kuna anayeweza kunitumia mbegu kwenye bahasha?

---

BahariaWaWaimanalo

Hapana, na usimwombe mwingine. Mbegu au mche wa kuingia Kenya unataka kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, kwanza na cheti cha afya ya mimea kutoka huku, na bahasha ya kimyakimya ni njia ya kusafirisha wadudu na magonjwa. Isitoshe, wewe hauhitaji.

Teremka ufukweni kwako utazame mstari ambapo mchanga unaanza kuinuka. Kuna kichaka cha majani manene yanayong'aa, ua lake jeupe limekaa kama limekatwa nusu, matunda meupe. Hicho ndicho naupaka ya Hawaii, mmea uleule hasa, kwa sababu matunda yake yanaelea baharini na bado mbegu inaota. Umefika pwani yetu na huku pia bila kibali cha mtu. Huku tunaupanda mbele ya mahoteli na kuukata uwe uzio mfupi. Kata kijiti, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kinashika. Chini yake, kwenye mchanga mtupu, weka ule mmea wa kutambaa wenye maua ya zambarau unaokaribia kuingia majini. Nao uko huku na huko. Ukiwa na hiyo miwili, mchanga wako hauendi popote.

---

MamaNeema_Ewa

Mkilifi, pole na hongera, una bustani ya Hawaii na hujui.

Kwa upande wangu: mtu wa bustani wa jumuiya amekaza skrubu mwenyewe, hata hakuuliza, alisema naye nyumbani kwake ana ilima. Vipandikizi nimechukua kutoka kwenye mitatu mizima na viwili kutoka kwa mmoja wa wagonjwa. Viko kwenye sinia la pelaiti chini ya meza ya kibarazani. Taa ya sola inafanya kazi, majani mapya yametoka bila matundu.

Sasa nimeanza kusafisha pale ukutani nitie tuta, nakutana na ndago. Ndago kabisa, zile za shambani! Nimeng'oa majani, siku tatu yamerudi. Fundi mmoja ameniambia nitandike kitambaa cheusi cha bustani halafu nimwage changarawe juu.

---

BahariaWaWaimanalo

Kitambaa ndago inakitoboa, ina ncha kama sindano, utaikuta imesimama juu ya changarawe inakusalimia. Halafu ukitaka kuing'oa huwezi kufika kwenye kitunguu chake kwa sababu ya kitambaa chenyewe.

Chimba kwa uma wa bustani udongo ukiwa na unyevu kidogo, fuata uzi kutoka kitunguu kimoja hadi kingine, vitoe vyote, vitie kwenye mfuko wa takataka, si kwenye mboji. Acha pakae wazi. Vitakavyobaki vitachipua, chimba tena vikiwa na majani machache, kabla havijazaa vitunguu vipya. Rudia hivyo hadi wiki kadhaa zipite bila kuona kitu. Vipandikizi vyako navyo vitakuwa bado kwenye makopo, kwa hiyo huna haraka. Tuta usimwage kabla ya hapo, maana ndago ikishaingia katikati ya ilima inayotambaa, kila ukiing'oa unavuta na mzizi wa ilima.